Anapata Nini?

Kwa Kiswahili, mchezaji asiyelipwa huitwa mchezaji wa ridhaa. Tunasema ngumi za ridhaa, soka la ridhaa, timu ya ridhaa. Nimelisikia neno hili tangu utotoni kwenye vipindi vya michezo vya redio bila kulitilia maanani. Waingereza na Wafaransa, walipomtafutia jina mtu huyuhuyu, walichukua neno lenye mzizi wa Kilatini unaohusu kupenda: anacheza kwa sababu anapenda. Sisi tulichagua kukubali. Tofauti hiyo si ndogo. Mtu anaweza kupenda akiwa hana namna, kwa kuwa mapenzi hayaombi ruhusa. Ridhaa ni jambo jingine. Kwenye ndoa, mahakamani, hospitalini kabla ya upasuaji, tunapouliza kama mtu ameridhia, tunauliza pia, hata tusipotamka, kama angeweza kukataa. Aliyefungiwa njia zote ikabaki moja, akapita hiyo moja, hatusemi ameridhia.

Basi mwanamke anayecheza bila mshahara katika timu inayoshiriki ligi ya taifa ameridhia nini hasa? Na sisi tunaomshangilia, tunadaiwa chochote?

Ninasoma uzamili wa falsafa, lakini swali hili halikunijia darasani. Lilinijia Kigwa, nyumbani, wilaya ya Uyui, mashariki ya mji wa Tabora. Binti wa mama mdogo, ambaye kwangu ni mdogo wangu tu, amemaliza kidato cha nne na anacheza mpira wa miguu kuliko wavulana wengi wa rika lake. Mwaka huu kiongozi wa timu moja ya wanawake ya mkoa mwingine alimwona kwenye bonanza, akampigia simu mama mdogo. Timu inapigania kupanda daraja. Binti atapewa mahali pa kulala, chakula, na posho siku za mechi. Mshahara hakuna. “Kwa sasa,” alisema yule kiongozi. Jioni tukakaa uani, mama mdogo akanigeukia: “Mwanangu, wewe ndiye uliyesoma. Hebu niambie, huyu akienda huko anapata nini?”

Nilitaka kujibu haraka kwamba mchezo hauhitaji kupata kitu. Jibu hilo lina nguvu, na nisingependa lidharauliwe. Kuna mambo ambayo thamani yake imo ndani yake yenyewe: kuimba, kuongea na rafiki, kucheza bao chini ya mwembe. Ukimuuliza mcheza bao anapata nini, umeshindwa kuelewa anachofanya.

Mfano safi kabisa ninaoujua uko Nairobi. Mwaka 2005, ndani ya hoteli ya Panari kwenye Barabara ya Mombasa, ulifunguliwa uwanja wa barafu, mdogo sana kuliko uwanja rasmi wa magongo ya barafuni wenye urefu wa mita 60. Karibu na mstari wa Ikweta, watu walianza kujifunza kuteleza juu ya viatu vyenye chuma chembamba chini, huku wakigombania kwa magongo kisahani kigumu cha mpira. Mwaka 2016 wakaunda timu, Kenya Ice Lions. Ilikuwa timu ya aina yake pekee nchini, kwa hiyo haikuwa na mpinzani wa kucheza naye. Wachezaji waligawanyika wakacheza wenyewe kwa wenyewe. Mwaka 2018 baadhi yao walialikwa Canada na kampuni moja ya kahawa, wakacheza mechi yao ya kwanza dhidi ya timu nyingine. Mwaka 2024 Kenya ikapokelewa uanachama katika shirikisho la kimataifa la mchezo huo. Wanawake nao wanacheza, na kwa kuwa hawajawa wengi kiasi cha kuwa na ligi yao, huchanganyika na wanaume.

Ukimuuliza mwanamke wa pale anapata nini, atakujibu nini? Kwa miaka mingi hapakuwa na ligi, wala kombe, wala bendera ya kupandishwa. Palikuwa na barafu, na saa chache za kuiteleza. Nikimtazama mchezaji wa namna hiyo naona ridhaa iliyokamilika. Hakuna anayemsukuma, na siku akichoka atavua viatu aende nyumbani bila kupoteza kitu zaidi ya furaha yake. Anatoa zawadi, kisha ndiye anayeipokea.

Lakini mchezo huohuo, ukiutazama katika nchi ulikokomaa, unaonyesha mahali zawadi inapoharibika. Magongo ya barafuni ya wanawake yaliingia Olimpiki mwaka 1998, Nagano, na Marekani ikachukua dhahabu. Karibu miaka 20 baadaye, wachezaji wa timu ya taifa ya Marekani walikuwa wakipewa dola 1,000 kwa mwezi, tena kwa miezi sita tu ya maandalizi ya Olimpiki, yaani miezi sita katika kila miaka minne. Machi 2017, mashindano ya dunia yakiwa yanakuja kufanyika nchini mwao, walitangaza kwamba hawatacheza. Chama chao kikaanza kutafuta wa kuwaziba, kikapiga simu hadi kwa wasichana wa vyuo na wa sekondari. Wasichana wale, ambao jezi ya taifa ilikuwa ndoto yao, walikataa mmoja baada ya mwingine. Siku chache kabla ya mashindano kukapatikana makubaliano. Wakacheza, wakatwaa ubingwa.

Kwa upande wa vilabu, ligi ya wanawake iliyoanzishwa Canada mwaka 2007 iliendeshwa miaka kumi bila mshahara. Wachezaji walikuwa walimu, wauguzi, wahandisi. Walifanya mazoezi usiku baada ya kazi. Mwaka 2017 ndipo wakaanza kupewa kifuta jasho, kati ya dola 2,000 na 10,000 kwa msimu mzima. Mei 2019 ligi hiyo ikafungwa. Zaidi ya wachezaji 200 wakatoa tamko la pamoja kwamba hawatacheza katika ligi yoyote ya Amerika ya Kaskazini hadi ipatikane inayoweza kuwaweka kama wafanyakazi. Wengine hawakuungana nao, wakaendelea kucheza katika ligi ndogo iliyobaki, wakisema kwamba mchezo ukisimama, mabinti wanaochipukia watakosa mahali pa kuangalia. Januari 2024 ligi mpya ilianza, ikiwa na mkataba wa pamoja na mshahara wa chini wa dola 35,000.

Huu unaweza kusomwa kama mkasa wa ushindi, lakini mimi umenisaidia zaidi kulielewa neno ridhaa. Kwa miaka yote ile ya kucheza bila malipo, hakuna aliyejua kama wanawake wale wameridhia au wamevumilia. Kwa nje vitu hivyo viwili vinafanana kabisa: mtu anafika mazoezini, anavaa, anacheza, anatabasamu kwenye picha. Ilibidi waweke magongo chini ndipo tofauti ionekane. Na pale walipoyaweka chini, hawakuacha kuupenda mchezo. Aliyeacha jezi ya taifa wiki mbili kabla ya mashindano ya dunia pengine aliupenda kuliko viongozi wote waliomwambia kwamba anayependa haulizi malipo.

Sasa nirudi Kigwa, maana hapa pana kumbukumbu ya zamani inayohusu jambo hilihili. Kigwa iko kwenye njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo kuja Unyanyembe, na kutoka hapo kwenda Ujiji. Burton alipita hapa mwaka 1857, Stanley mwaka 1871. Vitabu vinawataja wao, lakini mizigo ilibebwa na wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, kila mmoja na takriban frasila mbili, yaani karibu kilo 32, begani au kichwani kwa miezi mitatu au zaidi. Kwa kijana wa Kinyamwezi safari ya pwani ilikuwa jambo la fahari. Aliyeenda na kurudi alikuwa mwanamume kamili. Waliobeba pembe za ndovu walijiona wa juu kuliko wenzao. Kulikuwa na nyimbo, ngoma za kambini, mashindano ya nani atatangulia. Kwa maneno mengine, waliipenda kazi ile, na fahari ya kuifanya ilikuwa sehemu ya malipo.

Hata hivyo hawakuifanya bure. Kulikuwa na vitu viwili ambavyo hawakuvichanganya. Kimoja ni ujira uliopatanwa kabla ya safari, mara nyingi kwa vitambaa. Kingine ni posho. Posho ilikuwa chakula cha njiani, au kitambaa na shanga za kununulia chakula, ili mtu afike kesho akiwa hai. Hakuna mpagazi aliyedhani kwamba kwa kupewa posho amelipwa. Na posho ilipochelewa, au mwendo ulipozidi patano, walishusha mizigo. Vitabu vya wasafiri wa Kizungu vimejaa malalamiko kuhusu wapagazi wakaidi waliokaa chini wakagoma kuinuka, au waliotoroka usiku. Nikivisoma leo naona watu walioijua bei ya ridhaa yao. Walikuwako pia watumwa kwenye njia ileile, na ndiyo maana tofauti hii ilikuwa na uzito: uwezo wa kushusha mzigo ndio uliomtenga mpagazi na mtumwa aliyetembea hatua kumi nyuma yake.

Tazama lile neno limefika wapi. Katika soka la wanawake nchini mwetu, posho ndiyo inayotajwa. Ligi Kuu ya Wanawake ilianza msimu wa 2016/17, na Mlandizi Queens ikawa bingwa wa kwanza. Tangu hapo mengi yamebadilika. Simba Queens ilifika nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika mwaka 2022 kule Morocco, ikamaliza ya nne. Twiga Stars wamerudi kwenye fainali za Afrika. Timu za vilabu vikubwa, na JKT Queens iliyo chini ya Jeshi la Kujenga Taifa, zina mgongo wa kuegemea. Lakini chini yao ziko timu nyingi za mikoani zinazoendeshwa kwa michango, mfuko wa mtu mmoja na uvumilivu wa mabinti. Huko mchezaji anapewa posho, na posho imechukua nafasi ya mshahara bila kubadili jina. Mpagazi wa mwaka 1871 angeshangaa: chakula cha njiani kimekuwa malipo ya safari.

Niliposema hivi pale uani, bibi yetu, ambaye tulidhani amesinzia, aliuliza: “Na wanawake waliokuwa wakifuatana na misafara, wao walilipwa?” Nikamjibu ninavyojua: wanawake walikuwamo, wengi wakiwa wake wa wapagazi, wakibeba vyungu, vyakula na watoto, wakifika kambini wanaanza kupika wakati wanaume wamelala. Wachache walijiajiri wenyewe. Walio wengi hawakuandikwa kwenye hesabu. “Basi hilo swali la anapata nini mngelianzia hapo,” akasema, akanyamaza.

Maneno yale yaligeuza mazungumzo. Kigwa ni nchi ya tumbaku. Kuanzia Januari majani yanachumwa, yanafungwa kwenye fito, yanapandishwa kwenye bani na kukaushwa kwa moto wa kuni ambao mtu anaulinda usiku na mchana. Kisha kuchambua madaraja, kufunga marobota, kusubiri soko. Kufunga majani na kuchambua ni kazi ya wanawake na watoto kwa sehemu kubwa. Fedha inapoingia, inaingia kwa jina la mwanachama aliyeandikishwa kwenye chama cha msingi, na mara nyingi jina hilo ni la mwanamume. Mama mdogo amefunga tumbaku miaka 22. Hajawahi kuulizwa anapata nini. Hajawahi kujiuliza kwa sauti. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilikiri kwamba wanawake wa vijijini wanafanya kazi kuliko mtu mwingine yeyote katika nchi hii. Kukiri huko kumekuwa kama pongezi ya msibani, hakuna aliyekuja baadaye kulipa.

Kwa nini basi swali tunaliuliza kwa binti anayetaka kucheza mpira, na si kwa mama anayefunga majani? Nadhani ni kwa sababu kazi ya mama inaonekana kuwa wajibu, na mchezo wa binti unaonekana kuwa starehe. Wajibu haulipwi kwa kuwa ni lazima. Starehe hailipwi kwa kuwa ni hiari. Mwanamke akibanwa kati ya hoja hizo mbili, hakuna anachoweza kufanya ambacho kitastahili malipo. Na hoja zote mbili zinajiita ridhaa.

Kuna pingamizi ambalo lazima lijibiwe kwa haki. Kiongozi wa timu ndogo atasema: nikilazimika kulipa mishahara, timu itakufa kesho asubuhi, na mabinti 25 watarudi nyumbani kufunga tumbaku. Je, ni bora wacheze kwa posho au wasicheze kabisa? Hoja hii ni ya kweli, na wale waliobaki uwanjani mwaka 2019 walikuwa na sehemu ya haki. Siamini kwamba kila timu isiyolipa inadhulumu. Umaskini wa pamoja si dhuluma. Tukifunga safari wote kwa njaa, tukala muhogo mmoja, hakuna aliyeibiwa. Dhuluma inaanza pale njaa inapokuwa ya wengine na hesabu ni siri: kocha analipwa, kiongozi anasafiri, jezi ina tangazo la biashara kifuani, kiingilio kinakusanywa mlangoni, na mchezaji peke yake ndiye anayeambiwa kwamba acheze kwa mapenzi.

Kwa hiyo nisingepima timu kwa kiasi inachotoa. Ningeipima kwa mambo matatu. Je, mchezaji anajua fedha inaingia kutoka wapi na inakwenda wapi? Akivunjika mguu, ni nani anayeubeba mguu huo, timu au mama yake? Na akitaka kuondoka, anaweza? Timu maskini kabisa inaweza kujibu yote matatu vizuri, na tajiri inaweza kushindwa yote.

Wahenga wamesema mcheza kwao hutuzwa. Zamani nilidhani ni methali ya kuwasifu wanaobaki nyumbani. Sasa naisikia kama sheria. Katika ngoma, anayecheza vizuri anafuatwa katikati ya uwanja na kubandikwa noti kwenye paji la uso. Tuzo ile si mshahara, kwani hakuna aliyepatana naye, wala si sadaka. Ni watazamaji kukiri, mbele za watu, kwamba wamepokea kitu. Methali haisemi mcheza kwao huenda akatuzwa. Inasema hutuzwa. Watu wanaotazama ngoma hadi alfajiri kisha wakaondoka mikono mitupu wameivunja. Na kwao ni wapi, kama si taifa ambalo ligi inabeba jina lake? Anayeshangilia Twiga Stars amekwisha kuingia uwanjani. Tiketi ya mechi ya wanawake, mchango wa nauli ya timu ya mkoa, kudai hesabu zisomwe hadharani, hizo ndizo noti za kwenye paji.

Tuliandika maswali yale matatu kwenye karatasi ya daftari, mama mdogo akampigia yule kiongozi. La kwanza alilijibu vizuri kuliko nilivyotarajia: alitaja wafadhili wawili wenye maduka, akataja kiasi, akasema kocha naye ni mwalimu wa shule asiyepewa kitu. La pili akasema, “Mungu apishe mbali, tutaangalia.” Mama mdogo akamwambia kwamba kuangalia si jibu, na kwamba atasubiri. Baada ya siku tatu mtu yule akapiga mwenyewe, akasema watawakatia wachezaji bima ya afya kabla ligi haijaanza. Tutaona.

Lile la tatu ndilo lililotushangaza, maana aliyelijibu ni binti mwenyewe. Siku zote hizo tulikuwa tukijadili ridhaa yake na hakuna aliyemuuliza. Bibi ndiye aliyemwita. Akaja, akakaa kwenye mkeka, mikono magotini. “Nataka kucheza, bibi,” akasema. “Sijali posho ni kiasi gani. Ila nikitaka kurudi, nauli nitakuwa nayo?”

Nimesoma kurasa nyingi kuhusu uhuru wa kuchagua, na sijakutana na ufafanuzi mfupi kuliko huo. Mama mdogo aliuza magunia mawili ya karanga yaliyokuwa yake mwenyewe, si ya chama. Binti ameondoka na nauli mbili, moja ya kwenda, na nyingine imeshonwa ndani ya mfuko wa begi. Ameambiwa asiiguse kwa chakula, wala kwa viatu, wala kwa kumkopesha mwenzake. Msimu huu majani yatakuwa na mikono miwili pungufu, na mama mdogo amekwisha kumuuliza mumewe watamlipa nani aje kuiziba, na kwa kiasi gani.